Mche wa Saba

Asya, daftari lako linasema:
mstari wa nne, mche wa saba, umepona,
sababu haijulikani.
Sababu naijua mie.
Kaa hapo kizingitini, weka kalamu chini.

Konde langu la Maziwang'ombe ni mchanga juu ya jiwe.
Ukilitia jembe, jembe linalia.
Mvua ya asubuhi, adhuhuri limeshaisahau.
Mbolea hulipokea kwa mkono huu,
likaiachia kwa mkono ule,
kama mtu anayedaiwa kila duka.

Mahindi ya mwaka juzi yalitoka na milia,
mieupe, huku na huku ya uti wa jani,
na majani machanga ndiyo yaliyotangulia.
Shangazi yako Chumu akasema, hilo jicho.
Nikafukiza ubani mpaka nikakohoa.
Nikatia samadi ya mbuzi, nikakopa yuria,
yakanyanyuka kidogo kwa kunistahi,
milia ikabaki palepale.

Ndipo ulipokuja na mkoba wako wa chuo.
Ukakoroga udongo chupani, ukachovya karatasi,
karatasi ikageuka rangi, nawe ukatikisa kichwa:
"Mama mdogo, hapa chakula ni kichache,
na hicho kilichopo kimefungiwa.
Chokaa ya jiwe imeikamata zinki, haiachii."

Zinki!
Nikacheka, ukadhani nakudharau.
Neno hilo nilikuwa nalo ndani ya mto wa kitanda,
kwenye karatasi ya fedha waliyonipa hospitali ya Micheweni
Khatibu alipoharisha mpaka macho yakazama.
Kidonge kimoja kwa siku, siku kumi,
hata akipoa, alisema nesi, siku kumi.

Ukapima unga wako, gramu sabini na tano
kwa bomba zima la mgongoni.
Kiasi cha kutilia chumvi sufuria ya shughuli!
Nikakwambia ongeza, ukasema ikizidi inaunguza.
Mistari mitatu ukainyunyizia, jua halijapanda.
Mitatu ukaiacha. Ukaifunga vitambaa,
ukaiita mashahidi.

Wewe uliona mashahidi.
Mie niliona watoto waliosimamishwa mlangoni
wenzao wakila.

Siku ya tisa ile mitatu ya mwanzo ikaanza kurudi,
kijani kikipanda kutoka ndani, taratibu,
kama mtu anayekumbuka jina.
Ya pili yake imejikunja, inaning'inia.
Usiku sikulala.

Asya, vile vidonge havikuisha.
Khatibu alipoa siku ya nne,
nami nikavificha sita. Nilisema, vya safari ijayo.
Aliyekwenda hospitali kwa miguu akakuta dirisha limefungwa
haamini kama dawa itakuwapo tena kesho.

Nilivitia kikombeni, vikafumuka vyenyewe.
Nikaenda kondeni na tochi ya simu.
Kwa mstari mzima havitoshi, hilo hata mie nalijua.
Nikachagua mmoja, wa saba,
ule uliokuwa mfupi kuliko wote,
nikaupaka jani moja moja kwa kitambaa,
juu na chini,
kama ninavyomfuta mtoto uso.

Ndiyo hiyo sababu yako.

Sasa mche umempita Khatibu kichwa.
Ana miaka mitano, na shati la miaka mitatu linamtosha.
Jana alisimama pembeni yake akajipima,
akanyanyua visigino, akanitazama.
Sikuwa na la kumwambia.

Lifute hilo haijulikani.
Andika: bibi wa mtoto aliiba.
Wino ukikupa haya, andika kwa penseli.
Mashahidi wako wamebaki wawili na nusu,
mwalimu wako atagomba, mwambie aje anigombeze mie.

Na hindi la mche wa saba
usilitie mizanini.
Makaa yameshashika.
Lina mwenyewe.